Dada wa Kazi: Historia Fupi ya Mikono Inayotusaidia Nyumbani



Kila tukutanapo hapa ughaibuni, iwe arusini, hitimani au katika sherehe za Idi na Krismasi, mazungumzo ya wenye watoto wadogo huishia pale pale. Baba anaingia zamu ya usiku, mama anatoka alfajiri, mtoto mmoja anakwenda shule na mwingine bado ananyonya. Nani atakaa nao? Mmoja atasema nasari ni ghali, inameza mshahara wa mtu mzima. Mwingine atasema ameshampigia simu shangazi yake Tanga amtafutie binti, "mtu wetu, anayejua lugha na adabu". Wa tatu atanong'ona kwamba yuko mama mmoja mtaani kwao, hana makaratasi, na hadai pesa nyingi.

Tumezoea kulichukua suala la msaidizi wa nyumbani kama jambo la bei na la bahati: ukimpata mzuri umshukuru Mungu, ukimpata mbaya umrudishe. Lakini suala hili lina historia ndefu, na sisi wasemaji wa Kiswahili tunaijua kutoka pande zote mbili. Tumewahi kuwa wenye nyumba, na tumewahi kuwa wenye kutumwa ndani ya nyumba za watu. Karibu kila namna ya msaidizi tunayoifikiria leo, wazee wetu walishaijaribu au walishajaribiwa nayo. Ndiyo maana nimeona tuirudie historia hiyo kabla hatujainua simu.

Maneno yanasema nini

Tuanze na lugha yenyewe, kwani lugha haisahau. Kitenzi "tuma" kimezaa watu watatu: mtume, mtumwa na mtumishi. Mtume ametumwa kwa heshima na ana ujumbe wa kufikisha. Mtumwa anatumwa tu, wala haulizwi. Mtumishi anatumika, lakini tunatarajia awe na ujira wake na siku ya kuondoka. Watatu hao wametoka tumbo moja, na kinachowatenganisha ni kama mtu ana kauli juu ya kutumwa kwake au hana.

Neno "hadimu" nalo tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ni mtu anayetumikia. Katika mzizi huo huo yametoka maneno mazuri tunayoyatumia kila siku, huduma na mhudumu. Ndugu zetu walioko Maskati, Dubai na Doha wanalisikia kila siku katika neno "khaddama", yaani mtumishi wa kike wa nyumbani.

Halafu kuna "kibarua". Asili yake ni barua ndogo. Katika karne ya 19, huko Unguja na Mombasa, mabwana waliwakodisha watumwa wao kwa kazi za kutwa, na ile karatasi ya kuhesabia siku ndiyo iliyoitwa kibarua. Baadaye jina likahama kutoka kwenye karatasi likamwendea mtu, na leo tunasema "nimepata kibarua" bila kukumbuka kwamba wa kwanza kukibeba alikuwa mtu ambaye sehemu kubwa ya ujira wake ilikwenda kwa bwana.

Nyumba zenye mikono mingi

Katika karne ya 19 nyumba kubwa za Unguja, Mombasa, Lamu na Bagamoyo zilijaa watu wa kazi. Wapo waliopika, waliochota maji kisimani, waliofua, waliolea na waliowanyonyesha watoto wasio wao. Watu hao walipangwa kwa madaraja. Mjinga alikuwa mtumwa aliyefika karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi za mji. Mzalia alikuwa amezaliwa pwani, anaaminiwa zaidi, na mara nyingi kazi za ndani aliachiwa yeye. Suria alikuwa mtumwa wa kike aliyewekwa na bwana wake kama mke bila kuolewa. Akizaa, mwanawe alikuwa mtu huru.

Mambo haya yaliandikwa kwa Kiswahili na Mswahili mwenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ndiye mwenye sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Waswahili, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Humo ameeleza uzazi, ulezi, ndoa na pia mambo ya watumwa. Na Mtoro alikuwa mwenzetu, kwani tangu mwaka 1900 alikuwa Berlin akifundisha Kiswahili, mtu wa ughaibuni kama sisi.

Mwingine wa ughaibuni ni Seyyida Salme binti Said, binti wa Sultani Seyyid Said, ambaye Wazungu walimjua kama Emily Ruete. Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, na mama yake mwenyewe alikuwa suria wa Kicherkesi. Kwa kukisia kwake, jumba hilo lilikuwa na watu wapatao elfu moja. Katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886 ameeleza jinsi watoto wa jumbani walivyokuwa na walezi wao tangu siku za mwanzo. Mwaka 1867 aliolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani akahamia Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, naye akabaki mjane na watoto watatu, mkubwa wao ana umri wa miaka miwili. Aliyelelewa na mikono mingi akawa hana hata jamaa mmoja wa kumpokea mtoto. Ikambidi abane matumizi, ahame mji baada ya mji, na afundishe Kiarabu apate riziki.

Hapo mama yeyote wa ughaibuni atamwonea huruma, maana upweke huo tunaujua. Lakini katika kitabu hicho hicho Salme ameweka sura nzima juu ya utumwa, akiutetea na kuwaambia Wazungu kwamba hawauelewi. Aliwapenda walezi wake, hilo halina shaka, na alidhani kupenda kwake kunatosha kuuhalalisha mpango mzima. Wao wenyewe hawakuulizwa. Tusome sura hiyo kwa makini, kwa sababu hoja ile bado tunaisikia vinywani mwetu: "Sisi hatumtesi, tunamchukua kama mtoto wetu."

Uhuru uliokuja kwa mafungu

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Watu walikoma kuuzwa sokoni, lakini waliokuwa majumbani walibaki majumbani. Mwaka 1897 ikatoka amri ya kufuta hadhi ya utumwa mbele ya sheria Unguja na Pemba. Amri hiyo haikumfungulia mtu mlango, ilimtaka aende mwenyewe kuuomba uhuru, na mabwana wakalipwa fidia. Waliotumikishwa hawakulipwa kitu.

Masuria waliachwa nje ya amri ile. Wakubwa walihesabu mambo ya ndani ya nyumba kuwa siri ya mwenye nyumba, na ikapita miaka 12, hadi 1909, ndipo nao wakaingizwa. Pwani ya Kenya utumwa ulifutwa mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Tuliweke akilini jambo hili: katika historia yetu, mtu wa mwisho kufikiwa na sheria ni yule anayefanya kazi nyuma ya mlango uliofungwa. Tutalikuta tena mbele.

Mtoto wa ndugu

Isidhaniwe kwamba nyumba zote za Waswahili zilisimama juu ya utumwa. Nyumba nyingi hazikuwa na mtumwa hata mmoja, na zilisaidiwa na ukoo. Mwanamke akijifungua, jamaa zake walikuja au yeye alirudi kwao, akakaa arobaini yake akikandwa, akipikiwa uji na kupumzishwa. Mkunga alikuwa na kazi yake, kungwi na somo wana zao. Bibi alichukua mjukuu mmoja akakaa naye. Na kati ya ndugu wa mjini na ndugu wa shamba palikuwa na kawaida ya kupeleka mtoto: binti wa shamba atakwenda mjini kwa mama mkubwa wake, atamsaidia kazi, na mama mkubwa atamsomesha, au atamfunza chuo, upishi na ushoni, mwisho atamwoza.

Kawaida hiyo imewatoa watu wengi. Uzuri wake ulikuwa kwamba kila kitu kilionekana. Mama mzazi alikuwa safari ya siku moja tu, majirani waliona mtoto anavaa nini, na mzee wa ukoo aliweza kuja bila hodi kubwa na kuuliza, "Mbona mtoto amekonda?" Aliyemlea vibaya mtoto wa nduguye alisemwa mpaka msibani. Udugu ulifanya kazi kwa sababu ulikuwa na macho mengi.

Basi tumtoe binti huyo kijijini tumlete ghorofa ya tano katika mji wa baridi, asikojua lugha wala barabara, ambako jirani hajui hata jina lako. Jina la udugu limebaki, macho yote yameondoka. Hapo ndipo mpango uliokuwa wa heri unapoweza kugeuka kifungo, na mwenye nyumba asijione kwamba amebadilika.

Boi, kipande na cheti

Ukoloni ulileta mtu mpya, naye ni "boi". Neno la Kiingereza la kumwita mtoto wa kiume likawa jina la baba wa watu mwenye mvi, mwenye wake na wajukuu. Palikuwa na boi wa ndani, boi wa shamba, mpishi, dobi na topasi, kila mmoja na kazi yake na mshahara wake. Dobi ni jina lililotoka Bara Hindi pamoja na kazi yenyewe.

Vijana wa leo hushangaa kusikia kwamba kazi za ndani Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa za wanaume. Sababu zipo. Kodi ya kichwa na ya nyumba iliwasukuma wanaume kutafuta fedha mijini, na wanawake wakabaki kushika mashamba. Wazee wa vijijini hawakutaka mabinti zao walale uani kwa Mzungu, na mabibi wa Kizungu nao hawakutaka msichana ndani. Hivyo mwanaume ambaye kwao asingegusa sufuria alijifunza kupiga pasi, kuoka keki na kumwogesha mtoto wa bwana.

Na bwana alimchaguaje? Kwa karatasi. Katika Kenya, kuanzia miaka ya 1919 na 1920, kila mwanaume wa Kiafrika mwenye umri wa kufanya kazi alilazimishwa kuwa na kipande, kilichotiwa ndani ya kijaluba cha bati na kuvaliwa shingoni. Ndani yake ziliandikwa kazi alizofanya na tarehe alizoingia na kutoka, na kumtoroka mwajiri kulikuwa kosa la jinai. Juu ya hicho palikuwa na cheti, yaani barua ya sifa kutoka kwa bwana wa zamani. Aliyekosa cheti kizuri alikosa kazi, na cheti kiliandikwa kwa lugha ambayo mara nyingi mwenyewe hakuweza kuisoma. Alibeba hukumu yake mfukoni bila kujua imesema nini.

Lugha nayo iliumia. Mwaka 1936 kilitoka kitabu cha F. H. Le Breton cha kuwafundisha Kiswahili cha bara askari, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Kiswahili cha namna hiyo, ambacho watu walikiita Kisetla, kilikuwa hasa lugha ya amri: leta, ondoa, upesi. Mtu anaweza kuishi na mwenzake miaka 20 na asijue mwenzake huyo anaota nini, kwa kuwa lugha waliyopewa haina nafasi ya maneno hayo.

Watumishi hawakukaa kimya. Dar es Salaam, miaka ya 1940, wapishi, madobi na watumishi wa ndani walikuwa na chama chao. Katika miaka ya 1950, wakati Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika likiongozwa na Rashidi Kawawa kama katibu mkuu, watumishi wa majumbani na wa mahoteli walikuwa na chama ndani yake, na mwishoni mwa mwaka 1956 waligoma. Hivyo waliokuwa wakiitwa maboi walikuwa miongoni mwa wafanyakazi waliosimama pamoja miaka mitano tu kabla ya uhuru wa Desemba 1961.

Yaya wa Hackney

Yaya, mlezi wa watoto, ana hadithi iliyovuka bahari. Jina lake lina asili moja na "ayah" wa Bara Hindi, na Wahindi nao walilipata kwa Wareno. Familia za Kiingereza zilizokuwa zikirudi kwao kutoka India zilimwajiri yaya wa safari awatunze watoto melini. Wakifika London, wengine waliachwa hapo hapo, kazi yao imekwisha.

Kwa ajili yao palikuwepo nyumba maalumu, Ayahs' Home, ambayo mwaka 1900 ilihamia King Edward's Road, Hackney, mashariki ya London. Utaratibu wake ulikuwa hivi: mwajiri mwema alimwacha yaya na tiketi ya kurudi, na msimamizi wa nyumba akaitoa tiketi hiyo kwa familia nyingine inayokwenda India na kuhitaji mlezi wa njiani. Asiye na tiketi alikaa akingoja. Mwaka 2022 jengo namba 26 la mtaa huo liliwekwa kibao cha buluu cha kumbukumbu. Ndugu zetu wengi wanaokaa Hackney na jirani zake hupita hapo na mikokoteni ya watoto. Wakipita tena wasimame kidogo, wafikirie wanawake waliovushwa bahari kulea watoto wa watu na hawakuwa na uhakika wa nauli ya kurudi kuwaona wa kwao.

Kutoka boi hadi dada

Baada ya uhuru Waafrika waliingia katika nyumba za Oyster Bay na Kilimani, pamoja na vile vyumba vya uani ambavyo Nairobi hadi leo huitwa SQ. Wanaume wakapata kazi viwandani na maofisini. Wanawake waliosoma wakawa makarani, wauguzi na walimu, na wao nao wakahitaji mtu wa kubaki na mtoto. Zamani dada mkubwa wa mtoto ndiye aliyembeba mgongoni. Lakini Azimio la Musoma la mwaka 1974 na mpango wa elimu kwa wote uliofuata mwaka 1977 viliwaita watoto hao darasani. Nafasi ya uani ikajazwa na msichana kutoka mkoani. Dar es Salaam ilizoea kumtafuta Iringa, Dodoma na Singida.

Jina lake likabadilika kila muongo. Aliitwa hausigeli. Vijana wa Nairobi wakamwita mboch, wa Dar wakamwita beki tatu. Wengi wetu tunamwita "dada", na watoto wetu wamekua wakidhani hilo ndilo jina lake. Dada ni neno la heshima, lakini mara nyingi dada huyu alilala wa mwisho, akala wa mwisho, na mshahara wake ukawekwa na mama mwenye nyumba "asije akaupoteza".

Sheria ilikuja taratibu. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 ilikataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha Sh. 150,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa nyumba ya balozi, na Sh. 40,000 kwa yule anayelala kwa mwajiri wa kawaida. Mwaka 2011, tarehe 16 Juni, mkutano wa Shirika la Kazi Duniani mjini Geneva ulipitisha Mkataba namba 189 wa wafanyakazi wa majumbani, ulioanza kutumika Septemba 2013. Mkataba huo unataka masharti ya kazi yajulikane mapema na, inapowezekana, yaandikwe. Mtumishi apumzike saa 24 mfululizo kila wiki. Na akae na pasi yake mwenyewe.

Ghuba, na lugha moja mezani

Hapa lazima tuseme na wenzetu wa Ghuba. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 familia nyingi zilitawanyika, na kuanzia mwaka 1970, Sultani Qaboos aliposhika utawala, nyingi zilipokewa Oman. Mwaka huo huo ndio Oman ilipofuta utumwa. Wenye umri wa miaka 60 na zaidi wamezaliwa kabla ya tangazo hilo. Si historia ya mbali hata kidogo.

Nyumba za Maskati zinazosema Kiswahili hupenda mtumishi kutoka Tanzania au Kenya, maana wataelewana na bibi mzaa mama, na wali wa nazi hautafundishwa upya. Lakini mtumishi huingia chini ya mpango wa kafala, ambao unamfunga kwa mdhamini wake. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watumishi wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu. Ilieleza pasi kuchukuliwa, saa za kazi zisizo na mwisho na mishahara kuzuiwa. Wapo waajiri wema, na wengi wetu tunawajua. Ila wema wa mwenye nyumba ni jambo la bahati kwa mtumishi, na mtu hapaswi kuvuka bahari akiwa ameshika bahati peke yake. Falme za Kiarabu mwaka 2017 zilitunga sheria ya kumpa mtumishi siku ya mapumziko kila wiki na likizo ya siku 30 kwa mwaka yenye malipo. Katika Oman, sheria ya kazi ya mwaka 2023 iliwaacha watumishi wa majumbani nje. Mlango uliofungwa, tena.

Lugha moja ni neema, lakini isitudanganye. Mtu anayekuelewa unaponong'ona ni rahisi pia kumtuma usiku wa manane.

Na sisi je?

Sisi wa Uingereza na Marekani tumo pande zote mbili. Wapo wetu wengi wanaolea watoto wa watu, wanaoosha wazee, wanaosafisha ofisi alfajiri. Tunajua kudai malipo ya saa za ziada, na tunajua uchungu wa kuitwa kwa kidole. Itakuwa aibu tukirudi nyumbani na kumwekea mwenzetu masharti ambayo sisi tungeyakimbia.

Sheria za huku nazo zilichelewa kuingia ndani ya nyumba. Marekani ilitunga sheria ya kima cha chini cha mshahara mwaka 1938, watumishi wa majumbani wakaingizwa mwaka 1974. Uingereza iliweka kima chake mwaka 1999, lakini ikaacha mwanya kwa anayeishi ndani "kama mmoja wa familia", na mwanya huo uliondolewa tarehe 1 Aprili 2024. Yaani ile hoja ya Seyyida Salme ilidumu katika sheria za Kiingereza kwa miaka 25.

Kuhusu viza ya mtumishi wa nyumbani Uingereza, tangu mwaka 2012 haizidi miezi 6, na ni kwa mtu ambaye tayari amemtumikia mwajiri huyo huyo nje kwa mwaka mmoja. Mwaka 2016 alirudishiwa ruhusa ya kubadili mwajiri, bila kuongezewa muda. Kwa hiyo "nitamleta binti anilelee" ni maneno mepesi kuliko njia yake. Na anayekuja kwa viza ya matembezi haruhusiwi kuajiriwa.

Basi familia yenye kazi nyingi ichague nani? Kwanza iangalie inachohitaji. Kama ni usafi, tafuta mtu wa saa chache kwa wiki, umlipe kwa saa, akimaliza aende kwake. Kama ni mtoto wakati wa kazi za mchana, nasari au mlezi aliyesajiliwa anayepokea watoto nyumbani kwake huwa na ukaguzi, na macho ya watu wengine yapo. Kama zamu zenu ni za usiku, labda mnahitaji yaya wa kuja kwenu, na hapo mjue mmekuwa waajiri: kuna kodi, kuna likizo yenye malipo, kuna hati ya mshahara. Familia mbili zenye watoto wa rika moja huweza kushirikiana yaya mmoja na kugawana gharama. Na kama bibi anakuja kutembea, mwacheni awe bibi: awafundishe wajukuu Kiswahili na hadithi, asigeuzwe mtumishi asiye na siku ya Jumapili.

Mtu akishachaguliwa, kwa namna yoyote ile, historia yetu inatupa maswali manne ya kujiuliza. Je, pasi yake iko mikononi mwake? Je, mshahara wake unaingia katika akaunti yake, kwa tarehe inayojulikana? Je, ana siku yake, na mahali pa kwenda siku hiyo? Je, akisema leo kwamba anaondoka, ataweza kuondoka bila kulia, bila deni la tiketi, bila kutishwa? Ukijibu ndiyo mara nne, umempata mtumishi. Ukisita hata katika moja, fikiria tena umempata nani.

Wengine watasema kuandikiana na mtoto wa ndugu ni kukosa imani. Wazee walishajibu: mali bila daftari hupotea bila habari. Udugu nao ni mali. Andikeni saa, andikeni malipo, andikeni siku ya kurudi na nani atalipa nauli, kisha muendelee kupendana. Mwenye kuitwa dada kwa haki ataitikia vizuri zaidi.

Kwa wale waliotulea sisi, wengi tunawajua kwa jina moja tu, au kwa "dada" basi. Wangali hai wengi wao, Njombe, Kondoa, Kitui, Busia. Wanaopiga simu nyumbani wiki hii wamuulizie huyo aliyewabeba mgongoni, jina lake kamili ni nani na yuko wapi. Kisha wamsalimie.

Wasalaam.